Baridi yabisi ya uti wa mgongo

Baridi yabisi ya uti wa mgongo (kitaalamu: spondilitisi ankilosi, kwa jina pana zaidi spondiloathritisi ya mgongo) ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili husababisha uvimbe katika maungio ya uti wa mgongo na mahali mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga. Dalili zake kuu ni maumivu ya kiuno na mgongo kukakamaa, hasa alfajiri na asubuhi.

Kwa walio wengi ugonjwa huanza wakati wa ujana, kati ya miaka 15 na 40 hivi. Hauambukizi. Mpaka sasa hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini mazoezi na dawa hupunguza maumivu na kumwezesha mgonjwa kusoma, kufanya kazi na kulea familia. Tatizo kubwa ni kuchelewa kutambuliwa: duniani kote wagonjwa wengi hukaa miaka mingi wakitibiwa "kiuno" tu kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Makala hii inaeleza ugonjwa kwa jumla, pamoja na maisha ya wenye dalili zake, kwa mifano kutoka mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako mji wa Tunduma unapakana na Nakonde, nchini Zambia.

Jina

Neno "spondilitisi" linatokana na Kigiriki "spondylos", yaani pingili ya uti wa mgongo, pamoja na kiishio "-itis" ambacho matabibu hukitumia kwa uvimbe. "Ankilosi" linatokana na "ankylos", yaani iliyopinda. Katika tiba linataja ungio lililoganda.

"Baridi yabisi" ni jina la zamani la Kiswahili kwa maradhi ya viungo. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na "yabisi" maana yake ni kavu. Jina hilo linakumbusha tiba ya kale, iliyofundisha kwamba mwili unatawaliwa na joto, baridi, unyevu na ukavu. Kutokana nalo watu wengi huamini kwamba ugonjwa unaletwa na baridi. Katika nyanda za juu za Mbozi na Ileje, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, imani hiyo ina nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba baridi inaweza kumfanya mgonjwa ajisikie amekakamaa zaidi, lakini haiuleti ugonjwa. Wapo wanaougua hata katika miji ya pwani yenye joto mwaka mzima.

Dalili

Maumivu ya kiuno ni ya kawaida sana, na mara nyingi hutokana na kazi nzito, kuinama au kukaa vibaya. Maumivu ya namna hiyo hupungua mtu akipumzika. Maumivu ya uvimbe huenda kinyume: mapumziko huyazidisha na mwendo huyapunguza. Wataalamu wa kimataifa hutazama mambo matano:

- maumivu yalianza kabla ya umri wa miaka 40;
- yalianza polepole, si kwa ghafla kama baada ya kuanguka;
- hupungua kwa mazoezi au kutembea;
- hayapungui kwa kupumzika;
- huja usiku, na mtu akiinuka hupata nafuu.

Mwenye manne kati ya hayo matano, na ambaye ameumwa kwa zaidi ya miezi mitatu, anastahili kuchunguzwa zaidi.

Dalili nyingine ni hizi:

- mgongo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, hata kufunga viatu kukawa shida;
- maumivu ya makalio yanayohama, leo upande wa kulia, kesho wa kushoto;
- maumivu ya kisigino, hasa pale kano inaposhikana na mfupa;
- uvimbe wa goti, nyonga, bega au kifundo cha mguu;
- kidole kizima cha mkono au mguu kuvimba;
- kifua kubana mtu akivuta pumzi ndefu, kwa sababu maungio ya mbavu nayo yanaathirika;
- uchovu mkubwa usioondoka kwa usingizi.

Takriban mgonjwa 1 kati ya 4 hadi 1 kati ya 3 hupata, wakati fulani maishani, uvimbe wa ndani ya jicho uitwao uveitisi. Jicho moja huwa jekundu, huuma na halivumilii mwanga. Hali hii ni ya dharura, kwa kuwa ikiachwa inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Wengine hupata pia soriasisi ya ngozi au uvimbe wa utumbo wenye kuharisha kwa muda mrefu.

Kadiri miaka inavyopita, mwili unaweza kujenga mfupa mpya kati ya pingili. Zikiungana nyingi, picha ya eksirei huonyesha mgongo unaofanana na mwanzi, na mtu anaweza kubaki ameinama mbele kama mwenye kibiongo. Si kila mgonjwa anafika huko.

Sababu

Chanzo kamili ni mchanganyiko wa urithi na mambo mengine. Jeni inayojulikana zaidi ni HLA-B27, ambayo uhusiano wake na ugonjwa huu ulitangazwa mwaka 1973 na watafiti wa Uingereza na Marekani. Huko Ulaya, asilimia 80 hadi 90 ya wagonjwa wanayo. Hata hivyo watu wengi wenye jeni hiyo hawaugui maisha yao yote.

Kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huongeza uwezekano wa kuupata, lakini si lazima mtoto aurithi. Ugonjwa hauletwi na kazi nzito, wala kulala chini, wala kurogwa. Uvutaji wa sigara unahusishwa na mgongo kuharibika haraka zaidi.

Zamani ilidhaniwa kwamba ni ugonjwa wa wanaume. Siku hizi inajulikana kwamba wanawake huugua pia. Kwa wenye mabadiliko yanayoonekana kwenye eksirei, wanaume ni mara mbili hadi tatu ya wanawake. Kwa wasio na mabadiliko hayo, idadi inakaribiana. Mwanamke anayelalamika kiuno huambiwa kirahisi kwamba ni uzazi au ndoo za maji, naye huchelewa zaidi kupata jibu.

Hali katika Afrika

Kusini mwa Sahara ugonjwa huu umeripotiwa mara chache kuliko Ulaya. Sababu moja ni kwamba HLA-B27 ni adimu kati ya watu wengi wa jamii za Kibantu, chini ya asilimia 1. Sababu nyingine ni uhaba wa wataalamu na vipimo: ugonjwa usiotafutwa hauonekani.

Kutokuwa na jeni hiyo hakumaanishi kwamba mtu hana ugonjwa. Nchini Togo, wachunguzi waliona uhusiano na jeni nyingine, HLA-B*1403. Nchini Zambia, katika miaka ya 1990, madaktari Njobvu na McGill na wenzao wa Lusaka walieleza kwamba magonjwa ya kundi la spondiloathritisi yaliongezeka pamoja na maambukizi ya VVU, mara nyingi kwa wagonjwa wasio na HLA-B27. Kwa wagonjwa hao viungo vya miguu viliathirika sana. Habari hiyo inawahusu moja kwa moja wakazi wa Tunduma, ambao wanaishi na kufanya biashara pamoja na Wazambia kila siku. Ndiyo maana daktari anayemwona kijana mwenye viungo vilivyovimba anaweza kumshauri apime VVU. Ni sehemu ya uchunguzi, wala si tuhuma.

Magonjwa yanayofanana nao

Kabla ya kusema mtu ana baridi yabisi ya uti wa mgongo ni lazima kufikiria magonjwa mengine, hasa haya mawili ambayo tiba yake ni tofauti kabisa:

- Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka 2021–2025. Bakteria wake wanaweza kula pingili hata bila kikohozi. Dalili za kutilia shaka ni homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na nundu inayojitokeza mahali pamoja mgongoni. Dawa zake huponya, na katika vituo vya serikali hutolewa bure.
- Bruselosi. Hupatikana kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kugusa mifugo inayotupa mimba. Huleta homa za kuja na kuondoka, jasho na maumivu ya kiuno; huweza kushambulia maungio yaleyale ya nyonga. Familia za wafugaji zinapaswa kumweleza daktari habari za mifugo yao hata kama hakuuliza.

Mtu yeyote mwenye maumivu ya mgongo anayepoteza nguvu za miguu, anayekufa ganzi sehemu za siri, au anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Utambuzi

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Daktari huunganisha maelezo ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili, damu na picha.

Sehemu ya uchunguzi haihitaji mashine. Mtaalamu huweka alama mgongoni usawa wa vishimo viwili vya kiuno na nyingine sentimita 10 juu yake. Mtu akiinama bila kukunja magoti, nafasi kati ya alama hizo kwa kawaida hufika sentimita 15 au zaidi. Mgongo uliokakamaa haufiki. Kifua nacho hupimwa kwa futi ya fundi cherehani: tofauti kati ya kutoa pumzi yote na kuivuta yote ikiwa chini ya sentimita 2.5, ni dalili ya mbavu kukaza.

Vipimo vya damu vya ESR na CRP huonyesha kama kuna uvimbe mwilini, lakini huweza kuwa vya kawaida hata ugonjwa ukiwapo. Eksirei ya nyonga huonyesha maungio yaliyoharibika, ila mabadiliko hayo huchukua miaka kutokea. MRI huona uvimbe mapema zaidi.

Katika Songwe njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma. Ikihitajika mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Kwa sababu safari ni ndefu na gharama ni kubwa, inafaa mgonjwa aende na daftari lenye mambo haya: maumivu yalianza lini, asubuhi hukakamaa kwa dakika ngapi, huamka usiku mara ngapi, dawa alizotumia na zilivyomsaidia, na kama amewahi kuumwa jicho. Picha za eksirei za zamani zisitupwe. Daktari huzilinganisha na mpya.

Matibabu

Nguzo ya kwanza ni mazoezi. Nguzo ya pili ni dawa za kupunguza uvimbe na maumivu, kama ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na indometasini. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa kwa dawa hizo. Moja ikishindwa baada ya wiki mbili hadi nne, daktari hujaribu nyingine kabla ya kusema kwamba kundi zima limeshindwa.

Dawa hizo zinapatikana kirahisi katika maduka ya dawa, na hapo ndipo hatari inapoingia. Zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Mtu asimeze mbili za kundi hilo kwa pamoja, wala asizitumie kwa miezi bila kupimwa. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kutoka damu tumboni. Mjamzito asizitumie bila ushauri wa daktari, hasa kuanzia wiki ya 20.

Prednisoloni na deksamethasoni hazipendekezwi kumezwa kwa muda mrefu kwa ajili ya ugonjwa wa mgongo. Humpa mtu nafuu ya haraka, kisha humnenepesha uso, hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa ileile inayouma. Aliyekwisha kuzitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla, bali apunguziwe na daktari. Unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa njiani kama "dawa ya viungo" viepukwe, kwa kuwa katika nchi mbalimbali bidhaa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na dawa hizo kwa siri.

Sulfasalazini husaidia viungo vya mikono na miguu, si mgongo wenyewe. Kwa wasiopata nafuu kuna dawa za kibiolojia zinazozuia kemikali za uvimbe, kama adalimumabu, etanasepti na sekukinumabu. Zimebadilisha maisha ya wagonjwa wengi, lakini bei yake ni kubwa. Zile zinazozuia kemikali iitwayo TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, hivyo ni lazima kupimwa kwanza. Upasuaji wa kubadilisha nyonga huwafaa wale ambao nyonga zao zimeharibika kabisa.

Kuishi na dalili

Asubuhi. Saa ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Mgonjwa asiruke kutoka kitandani. Ajinyooshe akiwa amelala, avute goti moja kifuani kisha la pili, ageuke ubavu, ndipo ainuke kwa kujisukuma na mikono. Maji ya moto ya kuoga au kitambaa cha moto kiunoni hulegeza misuli.

Mazoezi. Dakika 20 hadi 30 kila siku zina faida kuliko saa tatu za Jumamosi. Mazoezi yasiyohitaji gharama ni kusimama ukutani huku visigino, makalio, mabega na kichwa vikigusa ukuta. Kulala kifudifudi dakika 15. Kuvuta pumzi ndefu. Na kutembea kwa haraka. Kuogelea ni kuzuri pale panapopatikana maji salama.

Kulala. Godoro gumu kiasi na mto mwembamba huzuia shingo na mgongo kuganda katika hali ya kuinama. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai.

Shambani. Wakulima wa kahawa na mahindi wa Mbozi hutumia saa nyingi wameinama. Jembe lenye mpini mrefu, kubadili kazi kila nusu saa, na kugawa mzigo mara mbili badala ya kuubeba wote kichwani husaidia kuendelea na kilimo. Kuacha kazi kabisa na kukaa kitandani huongeza kukakamaa.

Barabarani. Tunduma ni mji wa malori, na dereva anaweza kukaa kwenye usukani siku nzima akisubiri foleni ya forodha. Inafaa ashuke kila saa moja atembee, na aweke taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno. Ambaye shingo yake haigeuki vizuri anahitaji vioo vya ziada vya pembeni.

Shuleni. Mwanafunzi mwenye ugonjwa huu huweza kuchelewa asubuhi, kusinzia darasani kwa kukosa usingizi, na kushindwa kufyeka au kupiga magoti. Akiadhibiwa kama mvivu, huficha maumivu au huacha shule. Mwalimu akifahamu, hatua ndogo hutosha: kumruhusu asimame nyuma ya darasa kwa dakika chache, kumpa kazi ya mikono isiyo ya kuinama, na kumshirikisha katika michezo isiyo ya kugongana badala ya kumwondoa katika michezo yote. Dalili zisizoisha kwa miezi mitatu zipelekwe kwa mzazi pamoja na ushauri wa kwenda hospitali.

Kuanguka. Mgongo ulioganda huvunjika kirahisi. Mgonjwa wa muda mrefu aliyeanguka, hata kwa kuteleza tu au kutoka kwenye bodaboda, akipata maumivu mapya ya shingo au mgongo achukuliwe kuwa amevunjika mpaka picha ionyeshe vinginevyo. Asivutwe shingo wala kukandwa kwa nguvu.

Nyumbani. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho, na hupanda na kushuka: mtu aliyeshindwa kuinuka saa 12 asubuhi anaweza kuonekana akitembea vizuri saa 6 mchana. Kwa sababu hiyo mwenzi wa ndoa, wakwe au mwajiri humdhania anajifanya. Kumweleza mwenzi mapema, na kwenda naye kliniki mara moja, huzuia ugomvi mwingi. Huzuni ya muda mrefu na kukata tamaa ni mambo ya kawaida kwa wenye maumivu ya kudumu, nayo yana tiba.

Historia

Katika miaka ya 1690 tabibu Bernard Connor, mzaliwa wa Ireland, alieleza mifupa ya mtu ambaye pingili zake, mbavu na nyonga vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja. Maelezo ya kitabibu ya ugonjwa yalitolewa na Vladimir Bekhterev wa Urusi mwaka 1893, Adolf Strümpell wa Ujerumani mwaka 1897 na Pierre Marie wa Ufaransa mwaka 1898.

Katikati ya karne ya 20 wagonjwa wengi wa Uingereza walitibiwa kwa mionzi. Mwaka 1957 William Court Brown na Richard Doll walitoa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 13,000, ukaonyesha kwamba mionzi iliongeza saratani ya damu. Tiba hiyo ikaachwa. Vigezo vya utambuzi viitwavyo vya New York vilirekebishwa mwaka 1984, na vipya vinavyotumia MRI vilitolewa mwaka 2009.

Kati ya watu mashuhuri waliotangaza kuwa na ugonjwa huu ni Michael Atherton, aliyekuwa nahodha wa timu ya kriketi ya Uingereza, na mwanamuziki Dan Reynolds wa kundi la Imagine Dragons. Jumamosi ya kwanza ya Mei kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuuelimisha umma kuhusu ugonjwa huu.

Tazama pia

- Uti wa mgongo
- Kifua kikuu
- Bruselosi
- Kinga ya mwili
- Mkoa wa Songwe
- Tunduma